Mtumiaji wa kawaida kawa root (mwenye mamlaka yote) kwenye seva yetu bila paswedi, bosi anasema ni kasoro ya ndani tu tuache hadi likizo. Naombeni msaada

mlinzi_wa_zamu

Wakuu heshima kwenu. Tangu Jumatano silali vizuri kwa ajili ya hili jambo, naomba wenye uzoefu mnisaidie.

Niko taasisi moja ya mafunzo, jina naliacha. Mimi ndo naangalia seva, na moja wapo ni ile ambayo wanafunzi wanaingia kwa SSH (njia ya kuingia kwa mbali) kufanya mazoezi ya C na Python, akaunti kama 140 hivi, sasa humo humo kuna WordPress ya taasisi na mfumo wa kutolea matokeo, nilikuta imepangwa hivyo. Jumatano napitia logi nakuta akaunti ya mwanafunzi mmoja, ambayo haipo kwenye sudo (orodha ya wanaoruhusiwa kutumia nguvu za root) kabisa, imeingia saa nane usiku na dakika tano mbele kuna bash (programu ya kuandikia amri) inaendeshwa kama root na iliyoizaa ni programu imekaa kwenye /tmp. Auth.log, ile logi ya wanaoingia, haina jaribio la paswedi ya root, haina sudo, haina kitu. Yaani mtu yuko ndani ya chumba na mlango haujafunguliwa.

Mashine ni Ubuntu 20.04, Linux. `uname -r` inajibu 5.11.0-27-generic, hilo ni toleo la keneli, kile kiini cha mfumo kinachosimamia kila kitu. Uptime, yaani muda tangu iwashwe mara ya mwisho, ni siku 1,412 na hiyo bosi huwa anawaonyesha wageni kwa fahari kabisa. Apdeti za usiku zinajiendesha zenyewe na nimehakikisha zinafanya kazi, ndo maana sielewi.

Nilivyomwambia bosi kaangalia mtandaoni akaniambia hizi kasoro za keneli zinapewa alama 7.8, sio zile za 9 na kitu, na zinahitaji mtu awe tayari ana akaunti ndani, kwa hiyo tungoje likizo. Maswali yangu: hivi inawezekanaje mtu apande hadi root bila paswedi? Bosi ana hoja au hana? Na niristati sasa hivi au nisubiri? Shukran.

---

kisauni254

Kaka hiyo ni keneli ya 2021. Apdeti, ristati, badilisha paswedi zote, maliza. Unangoja nini?

---

dada_wa_logi

Mlinzi, tafadhali usiristati bado!! Kisauni namheshimu na hapo mbele tutafika huko huko, ila ukizima sasa unaweza kufuta ushahidi wote kwa mkono wako, ngoja nieleze kwa nini maana hili halisemwi mara nyingi.

Keneli yako ya 5.11 imo kwenye kundi la kasoro inaitwa Dirty Pipe, namba yake rasmi ya kasoro ni CVE-2022-0847. Ilianzia toleo 5.8 ikazibwa kwenye 5.16.11, 5.15.25 na 5.10.102 mwezi wa 2 mwaka 2022, na tarehe 7 mwezi wa 3 ikawekwa hadharani. Aliyeigundua ni Max Kellermann wa Ujerumani, na wala hakuwa anatafuta kasoro ya usalama, alikuwa kwenye kampuni ya hostingi na mwaka 2021 mteja akaleta tiketi kwamba mafaili ya logi aliyodauniloadi hayafunguki, gzip inalalamika. Akarekebisha faili kwa mkono akafunga tiketi. Likajirudia, likajirudia tena, miezi inapita. Mwisho akakaa akalinganisha mafaili yaliyoharibika akaona yote yameharibika baiti 8 za mwisho tu, na zile baiti sio takataka, zinaanza na herufi PK, yaani mwanzo wa kichwa cha faili la ZIP. Na huduma yake kweli ilikuwa inatengeneza ZIP kutoka kwenye logi hizo hizo. Sasa programu iliyokuwa inatengeneza ZIP haikuwa na ruhusa ya kuandika kwenye logi, ilikuwa na ruhusa ya kusoma tu! Akabaki na jibu moja tu, kwamba keneli yenyewe ndo inaandika pasipotakiwa. Mimi huwa naisimulia kwa kila kijana anayeanza kazi ofisini kwetu, kwa sababu wengi wetu tungefunga ile tiketi ya tano na tusingerudi tena.

Sasa kilichokuwa kinatokea. Linux ikisoma faili kutoka diski inaweka nakala kwenye memori, kashe ya kurasa, na kila anayesoma hilo faili anapewa nakala hiyo hiyo moja. Kuna njia ya kusukuma faili kwenye paipu (bomba la kupitishia data kati ya programu) bila kunakili, keneli inaielekeza tu paipu kwenye ukurasa ulioko kwenye kashe. Kila kipande cha paipu kina alama zake, na moja ya alama inasema hapa unaruhusiwa kuongezea maandishi. Walisahau kusafisha alama hizo kipande kinapotumika upya. Ndo hivyo tu. Ukiandika kwenye paipu, maandishi yako yanaingia kwenye nakala ya faili la mtu mwingine, hata kama ni /etc/passwd, hata kama ni programu ya su inayoendeshwa kwa nguvu za root.

Na hapa ndo sababu ya kukuzuia: keneli haijui kwamba ukurasa umebadilika, kwa hiyo haiuandiki kwenye diski. Diski inabaki safi. Ukiristati, kashe inapotea, faili linarudi kama zamani, na wewe unabaki unashangaa mbona kila kitu kiko sawa.

Kwa hiyo fanya hivi kwa mpangilio. Chomoa seva kwenye netiweki lakini usizime umeme. Chukua kopi ya memori kama una kifaa cha kufanyia. Kisha linganisha faili kwa njia mbili, soma kawaida, halafu soma kwa dd ukiweka `iflag=direct` ambayo inapita kashe na kwenda diskini moja kwa moja, na matokeo weka kwenye diski ya nje. Zikitofautiana umempata. Zikifanana usifurahi, inawezekana karudisha kama ilivyokuwa au kashe imeshajisafisha. Nakili na ile programu ya /tmp kabla haijapotea.

---

kisauni254

Dada sawa, hapo nimekubali. Sikuwa nimefikiria mambo ya kashe.

---

Mzee wa Keneli

Kijana mlinzi, nijibu yale maswali mawili ya kwanza, dada kalimaliza la tatu.

Inawezekanaje. Watu wengi wanadhani root ni paswedi. Paswedi ni njia moja ya kumwomba keneli akubadilishie cheo, basi. Keneli anashika daftari: kwa kila prosesi inayoendeshwa ameandika kwenye memori yake kwamba huyu ni mtumiaji namba fulani, kundi fulani, anaruhusiwa hiki na kile. Namba 0 ni root. Kila ukitaka kufungua faili keneli anaangalia daftari lake, haangalii paswedi. Sasa ukipata kasoro inayokufanya uandike ndani ya memori ya keneli, hata baiti chache tu zikiwa mahali sahihi, unajiandikia 0 kwenye mstari wako, na kuanzia sekunde hiyo wewe ni root halali kabisa machoni pa mfumo. Auth.log ingeandika nini? Hakuna mtu aliyebisha hodi. Au kama alivyoeleza dada, huligusi daftari, unabadilisha programu ambayo root ndo anaiendesha, unafika pale pale.

Na haya hayaishi kwa sababu keneli ya Linux ina mistari ya kodi makumi ya milioni, sehemu kubwa imeandikwa kwa C, na C inakuachia wewe mwenyewe ukumbuke memori ipi bado ni yako. Mfano CVE-2024-1086, kwenye nf_tables ile ya kuchuja pakiti, keneli ilikuwa inaachia kipande kimoja cha memori mara mbili. Kati ya mara ya kwanza na ya pili mshambuliaji anaweka vitu vyake pale. Kasoro ilikuwepo tangu toleo 3.15, miaka karibu kumi, na Mei 2024 shirika la usalama wa mitandao la Marekani, CISA, likaiweka kwenye orodha ya kasoro ambazo tayari zinatumika kushambulia watu.

Sasa bosi wako. Alama 7.8 ni kweli, Dirty Pipe imepewa hiyo. Lakini ile alama inapunguzwa kwa sababu fomula inadhani mshambuliaji anahitaji kwanza kuwa ndani, na kuwa ndani ya seva yenye akaunti 140 na WordPress sio kazi. Plagini moja mbovu ya WordPress inampa mtu wa nje sheli (uwezo wa kuandika amri) ya www-data, akaunti inayoendesha wavuti, na www-data ni mtumiaji wa ndani kama mwanafunzi wako yeyote. Hatua ya kwanza inampa chumba cha nje, kasoro ya keneli inampa nyumba nzima. Anayezipima hizi mbili kila moja peke yake amepima vibaya.

Mkumbushe bosi habari ya Dirty COW ya 2016. CVE-2016-5195. Hiyo ilikuwepo kwenye Linux kwa miaka mingi, na Linus Torvalds mwenyewe aliandika kwenye marekebisho kwamba alijaribu kuiziba miaka kumi na moja nyuma na hakuiziba vizuri. Unajua iligunduliwaje? Phil Oester alikuwa na tabia ya kurekodi trafiki yote ya HTTP inayoingia kwenye seva zake, seva moja ikavamiwa, akarudi kwenye rekodi akaitoa eksploiti (programu ya kushambulia) humo ilivyopandishwa kupitia wavuti. Kupitia wavuti! Kasoro ya ndani hiyo, na aliyeitumia alitokea nje.

---

pwani_netiweki

Mimi naomba kutofautiana kidogo na jinsi mnavyoongea kama kila kitu ni keneli. Mbona inaweza kuwa PwnKit ya polkit (programu ya kutoa ruhusa) ya Januari 2022 au ile ya sudo ya Januari 2021? Zile nazo zinampa mtu root bila paswedi na wala sio keneli.

---

dada_wa_logi

Pwani swali zuri, na jibu liko kwenye maelezo yake. Apdeti za usiku zinafanya kazi. Polkit na sudo ni programu za kawaida, pachi ikiingia diskini, mara nyingine utakayoiita sudo unapata mpya. Hizo naamini zilizibwa zamani bila yeye kujua. Keneli haiko hivyo, keneli inapandishwa kwenye memori mashine inapowaka na inabaki ile ile hadi mashine iwake tena. Kwa siku 1,412 seva imekuwa inapokea keneli mpya, inaziweka kwenye /boot, folda ya keneli, moja baada ya nyingine, na inaendelea kuendesha ya 2021. Unattended-upgrades, hiyo ya apdeti za usiku, kwa kawaida haijiristati, mpaka uiambie. Mlinzi angalia kama kuna faili /var/run/reboot-required, na `ls /boot` utupe majibu.

Na nitasema wazi, hii tabia ya kujisifia uptime inaniuma. Seva ambayo haijawahi kuzimwa miaka minne ni seva ambayo haijawahi kupachiwa keneli miaka minne, labda kama mmelipia huduma ya kupachi keneli ikiwa inaendeshwa.

---

mlinzi_wa_zamu

Wakuu nimerudi, samahani kwa kimya, nilikuwa chumba cha seva tangu asubuhi.

Dada ulichosema ndo kilichopo. /boot ina 5.15.0-139-generic inakaa tu, na reboot-required ipo. Nilichomoa kebo ya netiweki, nikachukua kopi ya memori, nikalinganisha mafaili. /etc/passwd ziko sawa. /usr/bin/su HAZIFANANI. Ya kwenye kashe ina baiti kadhaa tofauti na ya diskini. Nilikaa chini kwanza.

Kingine, nikafuatilia ile akaunti imeingia kutoka IP gani. Sio ya hapa kwetu wala sio ya mitandao ya simu tunayoijua, ni ya kampuni ya kukodisha seva huko Ulaya. SSH ilifunguliwa kwa nje kipindi cha korona wanafunzi wasome wakiwa nyumbani na haikufungwa tena. Na paswedi ya huyo kijana ilikuwa namba yake ya usajili, kama tulivyowapa wote siku ya kwanza. Kijana mwenyewe kaitwa ofisini asubuhi kabla sijafika, wakamweka karibu saa moja anahojiwa, simu imechukuliwa, analia. Usiku ule alikuwa kijijini kwao kwenye msiba. Imeniuma sana hiyo.

---

Mzee wa Keneli

Nenda leo hii kwa aliyemhoji ukamwonyeshe hiyo IP. Leo, usingoje ripoti ikamilike. Kijana asilale na hilo jambo.

Halafu sikiliza hili. Kuwasha keneli mpya kunaziba tundu, hakumtoi aliyekwisha ingia. Mtu akishakuwa root anaweza kuacha ufunguo wa SSH, anaweza kuacha kazi kwenye cron (ratiba ya kazi zinazojiendesha), anaweza kupachika moduli ndani ya keneli inayoficha prosesi zake hata ukiangalia na ps, amri ya kuorodhesha prosesi, huzioni. Usiiamini tena hiyo mashine. Hamisha data tu, sio programu, weka mfumo upya kuanzia sifuri. Na 20.04 yenyewe huduma yake ya kawaida imekwisha Mei 2025, kwa hiyo panda toleo jipya moja kwa moja.

---

pwani_netiweki

Kwenye mpya ningewaweka wanafunzi kwenye kontena (vyumba vya programu vilivyotengwa) kila mtu na lake, yaishe.

---

Mzee wa Keneli

Hapana pwani, hapa ndo watu wanaumia. Kontena zote zinatumia keneli moja ya mashine mama. Kontena ni kuta za mapazia ndani ya chumba kimoja, na Dirty Pipe inapita chini ya pazia, kontena mbili zikitumia faili moja la msingi zinatumia na ukurasa ule ule wa kashe. Kinachotenganisha kweli ni VM, kompyuta pepe ndani ya mashine, kila moja na keneli yake. Wanafunzi VM yao, WordPress VM yake, matokeo yakae mbali na vyote viwili. Kontena ni nzuri kwa kupanga kazi, ila usiipe kazi ya ukuta.

Na kama wanafunzi hawahitaji nemspesi za watumiaji (zinazomfanya mtumiaji ajione root ndani ya eneo lake), zima. `kernel.unprivileged_userns_clone=0` kwenye sysctl ya Debian na Ubuntu. Kasoro nyingi za nf_tables za miaka hii, pamoja na ile ya 2024, mtumiaji wa kawaida anazifikia kwa sababu tu nemspesi inamruhusu kucheza na sehemu ya keneli ambayo zamani ilikuwa ya root peke yake. Vivinjari na Podman isiyo ya root vinaweza kulalamika, seva ya mazoezi ya C haitalalamika.

---

fundi_simu_mbagala

Naingilia wakuu, hii inahusu na simu? Maana mimi wateja wanakuja niwafungulie root kwenye simu na zipo app unabonyeza tu inakubali.

---

dada_wa_logi

Inahusu sana fundi, Android ni keneli ya Linux hiyo hiyo. Hiyo app inayobonyezwa ikakubali, mara nyingi inachofanya ni kutumia kasoro ya keneli ambayo simu haijapachiwa. Towelroot ya George Hotz mwaka 2014 ilikuwa hivyo. Na inayotugusa zaidi ni CVE-2020-0069 ya chipu za MediaTek, maana simu nyingi za bei nafuu huku kwetu ni MediaTek. Draiva yao moja ilikuwa inamruhusu yeyote kusoma na kuandika memori, jamaa wa XDA, jukwaa la watundu wa Android, wakatengeneza programu ya kufungua root, mtk-su, mwaka 2019. MediaTek walitoa pachi mwaka huo huo lakini watengenezaji wengi wa simu hawakuisukuma kwa wateja, mpaka Google wakaiweka kwenye pachi za Machi 2020. Kabla ya hapo, Januari, Trend Micro walishakuta app za kijasusi Play Store, moja inaitwa Camero, inajifanya ya kamera, na inatumia kasoro hiyo hiyo unayoitumia wewe kumsaidia mteja.

Kwa hiyo mteja akija na simu inayokubali kwa kubonyeza, mwambie ukweli kwamba app nyingine yoyote inaweza kubonyeza pia bila yeye kuona, na humo ana pesa zake. Mwonyeshe kwenye mipangilio tarehe ya pachi ya usalama, kama ni ya miaka mitatu nyuma na apdeti haiji, simu hiyo isiwe ya uwakala.

---

fundi_simu_mbagala

Nimekuelewa dada. Kuna wakala wawili niliwafanyia mwezi uliopita, nawapigia.

---

mlinzi_wa_zamu

Wakuu mrejesho. Kijana karudishiwa simu yake na mkuu wa taasisi kamwomba radhi mbele ya darasa lake, nilisimama pale pale. Bosi nilimpelekea zile kopi mbili za su zikiwa sambamba na IP ya Ulaya, hakusema tena habari ya likizo, aliniuliza tu nahitaji mashine ngapi.

Seva mpya ni 24.04, VM tatu, SSH ya nje imefungwa inapitia VPN, wanafunzi ni funguo tu hakuna paswedi, na kila Jumapili saa tisa usiku inajiristati kama kuna keneli mpya. Ile ya zamani nimeifungia kabatini na diski zake.

Kimebaki kitu kimoja kinanikwamisha, ule mfumo wa matokeo umeandikwa kwa PHP 5.6 na hauwaki kwenye mpya, aliyeuandika hayupo tena. Kuna aliyewahi kuhamisha kitu cha namna hiyo?

---

kisauni254

Nimewahi mara mbili kaka. Usiweke PHP ya zamani kwenye mashine mpya hata kwa wiki moja. Tafuta kwanza zile `mysql_query` ziko ngapi kwenye kodi, niandikie namba hapa, tuone kama ni kazi ya siku mbili au ya mwezi.

---

mlinzi_wa_zamu

Ziko 212.

---

kisauni254

Ya wiki mbili. Tuanze kesho jioni.